Jua la Amu na madirisha ya serikali

Mwezi wa saba, kusi likivuma, maji ya tangini hupoa hata mtoto akimwagiwa alfajiri hulia. Ni msimu huo jirani yangu wa mtaa wa Langoni, hapa mjini Amu (Lamu), aliponiita juu ya paa lake. Ana nyumba ya wageni ya vyumba sita, nyumba ya kale ya mawe aliyoirithi kwa mamake, na kila bafu lina shawa ya umeme. Pembeni mwa paa kuna hita ya sola aliyoinunua miaka mitatu iliyopita: tangi limelala juu, na chini yake safu ya mirija ya kioo iliyoinamishwa. Mirija miwili ilikuwa imepasuka, matundu yake yamezibwa kwa vitambaa na mpira wa gurudumu. Kwenye maungio ya bomba palikuwa na kutu inayomomonyoka ukiigusa. Alipofungua koki ya chini yakatoka maji ya uvuguvugu yenye vipande vyeupe kama maganda ya yai.

"Mwanangu," akaniambia, "redioni kila siku nasikia serikali inasaidia watu wa sola. Mimi huo msaada niupokee dirisha gani?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwomba siku chache, nikaenda kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyomrudishia, nayaandika kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza, hapa Amu na hata Malindi.

Kwanza tutenganishe vitu

Neno "sola" limebeba mizigo mitatu kwa mkupuo mmoja. Kuna paneli zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Kuna hita inayochukua joto la jua moja kwa moja na kulitia kwenye maji, bila umeme kupita popote. Na kuna kupoza nyumba, ambako watu wengi hufikiria kiyoyozi tu, kumbe ni habari pana zaidi. Msaada wa serikali hauvigusi vitu hivi vitatu kwa kiwango kimoja, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Tazama hesabu ya maji. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 26 hadi 50 kunahitaji karibu yuniti 2.8 za stima. Mita mraba moja ya paa nchini Kenya hupokea kati ya yuniti 4 na 6 za nguvu ya jua kwa siku. Hita nzuri hunasa karibu nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo kioo cha mita mraba mbili, siku ya jua la kawaida, kinaweza kuipa nyumba kama yuniti 5 za joto. Paneli ya umeme ya ukubwa uleule hunasa karibu sehemu moja kati ya tano. Ukitaka kuoga maji moto kwa kupitia paneli, betri na shawa ya umeme, utahitaji zaidi ya mara mbili ya paa, na mtambo wa bei kubwa zaidi, kwa kazi ambayo bomba jeusi chini ya kioo linaifanya peke yake. Maji yakishapata moto hupanda yenyewe tangini, ya baridi yakashuka. Hakuna hata pampu.

Na maji moto kwetu si anasa ya mgeni kutoka ng'ambo. Mzazi hukandwa na kuogeshwa maji moto siku arubaini. Wazee wanatawadha alfajiri kusi likiwa kali. Katika nyumba nyingi kazi hiyo inafanywa na jiko la makaa, na makaa hayo ni pesa na ni moshi ndani ya ua. Hita inayofanya kazi inamwondolea mwanamke shughuli ya saa nzima kabla ya jua kuchomoza.

Dirisha la kwanza: sheria ya lazima

Serikali inaweza kumsaidia mtu kwa kumlazimisha. Inasikika vibaya, lakini nchi kadhaa zilianzia hapo. Israeli ilitunga sheria mwaka 1980 ya kuzitaka nyumba mpya za kuishi ziwe na hita za jua, na tangu hapo hita ikawa sehemu ya ujenzi kama mlango na dirisha, bei ikashuka, mafundi wakazoea.

Kenya nayo ilijaribu. Kanuni za kupasha maji kwa jua za 2012 zilisema jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku sharti lifunge hita ya jua itakayobeba angalau asilimia 60 ya mahitaji yake ya mwaka. Majengo yaliyokuwepo tayari yalipewa miaka mitano. Nyumba ya wageni ya vyumba sita inaingia humo bila shaka: wageni kumi wakioga, lita 100 zimekwisha kabla ya chai.

Kwa maoni yangu kanuni ile ilikosea mahali pamoja pakubwa. Ilimwekea mwenye nyumba wajibu na adhabu bila kumwekea pesa. Mwenye hoteli kubwa ya ufukweni Malindi angeweza kwenda benki. Mwenye nyumba ya urithi hapa mtaani angeenda wapi? Kisha Sheria ya Nishati ya 2006, iliyokuwa mama wa kanuni zile, ikafutwa na Sheria ya Nishati ya 2019, iliyoiunda EPRA kuwa mdhibiti wa nishati na petroli. Nimetembea Lamu na Malindi nikitazama mapaa ya majengo yaliyoinuka baada ya 2012, na mengi niliyoyaona hayana kitu juu ila tangi jeusi la plastiki. Kwa jirani yangu dirisha hili halina cha kumpa.

Dirisha la pili: kodi

Hapa ndipo ulipo msaada wenyewe, na ndipo penye vichochoro vingi.

Kenya imekuwa ikivisamehe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, vifaa maalumu vya nishati ya jua na upepo, na ushuru wa forodha husamehewa chini ya sheria ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini msamaha wa VAT si mwamba. Mwaka 2020 uliondolewa, wauzaji wakapandisha bei, na mwaka 2021 ukarudishwa kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Anayenunua sola anapaswa kujua hilo: mswada wa fedha hufika bungeni kila mwaka kabla ya Julai, na mstari mmoja unaweza kubadilisha bei ya paa lako. VAT ya kawaida ni asilimia 16. Kwenye mtambo wa shilingi 100,000 hiyo ni shilingi 16,000, ambazo kwa fundi wa majahazi ni siku nyingi za kazi.

Sasa kuna jambo ambalo hata wenye maduka wengine hawalielezi. Kusamehewa VAT na kutozwa VAT ya sifuri ni vitu viwili. Bidhaa ikitozwa sifuri, muuzaji hudai arudishiwe VAT aliyoilipa yeye katika shughuli zake, kama kwenye pango la ghala na matangazo. Bidhaa ikisamehewa tu, hana cha kudai, na ile VAT aliyoilipa nyuma anaifukia ndani ya bei. Kwa hiyo unaweza kuambiwa "hii haina kodi" na iwe kweli kwenye karatasi, na bado ukawa unailipa kidogo kidogo bila kuiona.

Jambo jingine ni maneno ya sheria yenyewe. Yanataja vifaa maalumu vya kuendeleza na kuzalisha nishati, na ukisoma utaona picha iliyokuwa kichwani mwa waandishi: paneli, betri za kuhifadhi nguvu ya jua, vidhibiti vya chaji. Feni haimo. Bomba la shaba utakalonunua kivyake haliuzwi kama sola, linauzwa kama bomba. Chokaa haimo. Saruji ya kuinulia tangi haimo. Sehemu kubwa ya gharama ya hita iko kwenye vitu hivi vya pembeni na kwenye kazi ya fundi.

Halafu kwetu sisi wa visiwani kuna bahari katikati. Msamaha unatolewa bandarini Mombasa. Kutoka hapo mzigo unapanda lori mpaka Mokowe, unateremshwa, unapakiwa boti, unafika gatini Amu, unabebwa na hamali au punda kupitia vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Mirija ya kioo haipendi safari hiyo. Jirani yangu alipokea mirija yake ishirini ikiwa kumi na tisa. Kila hatua ya safari inalipiwa, na hakuna sheria ya fedha inayoifikia.

Nikamwambia basi: dirisha hili lipo na umekwisha kulipitia bila kujua, kwa sababu aliyehudumiwa pale ni mwenye kontena. Wewe unapokea kile atakachoamua kukushushia kwenye bei.

Dirisha la tatu: mita inayohesabu pande mbili

Sheria ya 2019 ilifungua njia ya mwenye paneli kulipelekea shirika la umeme, Kenya Power, ziada yake na kuhesabiwa yuniti za kutumia baadaye, mradi mtambo wake usizidi megawati 1. Kanuni za kuutekeleza zilitoka mwaka 2024. Unachokipeleka kwenye gridi mchana unahesabiwa kwa nusu: yuniti mbili ulizotoa zinakupa moja ya kutumia usiku.

Kwa Amu jambo hili lina maana mpya. Zamani mji huu uliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ndiyo iliyotuunganisha na gridi ya taifa. Na gridi hiyo sasa inabeba jua la pwani: kule Langobaya, ndani ya Malindi, mtambo wa megawati 40 ulianza kazi mwishoni mwa 2021. Nausifu bila kusita, kwa sababu tulikuwa tumekaribia kupata makaa ya mawe. Mtambo wa megawati 1,050 ulipangiwa Kwasasi, bara ya kaunti hii, na ni Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) lililofuta leseni yake mwezi Juni 2019 baada ya watu wa Lamu kushikilia kesi.

Lakini mita hiyo ni ya umeme tu. Joto la maji haliingii humo. Na ukisoma ile nusu vizuri utaona inakuelekeza kitu cha busara: kabla ya kuitoa yuniti ukarudishiwa nusu, itumie yote mwenyewe mchana. Pasha maji. Piga pasi. Gandisha barafu.

Kuna pia miradi ya ufadhili. Ule wa KOSAP, mradi wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, uliziandika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Lamu na Kilifi zote mbili zikiwemo. Ulilenga taa, gridi ndogo za vijiji, majiko safi na pampu za maji. Ni kazi njema kwa vijiji vya visiwani na bara. Mwenye nyumba mjini mwenye mita tayari hakuandikiwa huo.

Dirisha ambalo halijafunguliwa

Kilichonifanya nisilale ni mfano wa Tunisia. Mwaka 2005 walianzisha mpango uitwao PROSOL wa hita za maji. Serikali ilitoa ruzuku ya asilimia 20 ya bei, benki ikatoa mkopo kwa kilichobaki, na mteja akaulipa kwa miaka mitano kupitia bili yake ya umeme. Shirika la umeme ndilo lililokuwa mkusanyaji. Benki ikaacha kuogopa, kwa kuwa mtu huchelewesha madeni mengine yote kabla ya kukubali kukatiwa stima. Barbados, kisiwa kidogo chenye chumvi hewani kama sisi, walianza na nafuu ya kodi mwaka 1974 na hita zikaenea nyumba kwa nyumba. Marekani walimrudishia mwenye nyumba asilimia 30 ya gharama kupitia kodi yake ya mapato, mpango ambao sheria ya 2025 iliukomesha mwisho wa mwaka huohuo. Njia hiyo ya mwisho isingetufaa hata hivyo. Ili urudishiwe kodi ya mapato ni lazima uwe unailipa, na wangapi mtaani kwetu wana karatasi ya mshahara?

Ya Tunisia ndiyo inayotufaa, na hatuhitaji kuivumbua. Mpango wa kuunganisha nyumba na stima, ule wa Last Mile ulioanza 2015, ulishusha gharama ya mteja hadi shilingi 15,000, na watu wengi walizilipa kidogo kidogo, zikikatwa kwenye bili na tokeni zao. Mashine ya kukusanya ipo tayari, kwenye kila simu inayonunua tokeni. Inaweza kukusanya malipo ya hita vilevile. Hita inapunguza tokeni unazonunua, na sehemu ya kile ulichookoa ndiyo inayolipa deni. Mimi naliamini jambo hili kabisa, na ningependa kumsikia mbunge wa pwani akilisimamia.

Kupoza nyumba

Jirani yangu aliuliza pia habari ya kiyoyozi, maana wageni wa Disemba na Januari, kaskazi likiwa limeleta joto, wanakiomba. Basi na hili lina hesabu yake. Kiyoyozi cha chumba kimoja cha kawaida hula karibu kilowati 1 kikiwa kazini. Usiku mmoja wa saa nane ni yuniti 5 hadi 8 kwa chumba. Feni ya dari hula wati 60 au 75, usiku mzima nusu yuniti au zaidi kidogo. Na usiku ndio jua halipo, kwa hiyo kiyoyozi cha sola cha chumba cha kulala kwa hakika ni kiyoyozi cha betri.

Joto linaweza kuleta baridi moja kwa moja, na si ndoto ya jana. Mfaransa Augustin Mouchot aligandisha barafu kwa joto la jua kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1878. Kanuni yake ni ya kuchemsha kimiminika kama amonia kikatoka ndani ya maji, kisha kukiacha kirudi kikinyonya joto la chumba. Mitambo ya namna hiyo ingali ikitumika kwenye majengo makubwa, lakini tangu paneli ziwe rahisi, kwa nyumba ndogo paneli na mota ya kawaida ndizo zinazoshinda kwa bei. Pwani hii ningeitumia nguvu hiyo kwanza kwenye barafu ya wavuvi. Jua la mchana likigandisha maji, barafu yenyewe inakuwa ndiyo betri, na samaki anafika sokoni hajaharibika.

Kwa chumba cha kulala, hata hivyo, nilimrudisha jirani yangu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tulishuka kutoka juu ya paa lililokuwa likitupika nyayo, tukaingia msana wa ndani, ule ukumbi mrefu wa nyumba. Nikaweka kiganja ukutani. Jiwe la matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita, na lilikuwa baridi saa nane mchana. Kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi juu, kinavuta hewa. Kichochoro nje hakipati jua ila dakika chache, kwa kuwa nyumba zinatiana kivuli. Waliojenga hivi walipoza mji mzima kwa jua na upepo uleule tunaoulalamikia, na ni mji huu UNESCO iliouandika urithi wa dunia mwaka 2001.

Udhaifu uko juu. Tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini, na paa ndilo linalobeba joto kubwa kuliko kuta zote. Paa la saruji lililoachwa likaota weusi wa ukungu linanyonya joto mchana kutwa na kulishusha chumbani usiku kucha. Likipakwa chokaa nyeupe linairudisha sehemu kubwa ya jua angani. Paneli zikiinuliwa juu ya paa zikaachiwa nafasi ya upepo chini yake, zinazalisha umeme na kutia kivuli kwa pamoja. Bati tupu bila dari chini yake ndilo ovyo kuliko yote, na ndilo linaloenea.

Hapa ndipo msaada wa serikali unaponiumiza. Mtu akileta paneli ya kuendesha kiyoyozi cha kupoza nyumba ya bati, anapata nafuu ya kodi. Mtu akitaka kuchoma chokaa, kumlipa fundi anayejua kuipiga, na kuweka boriti ili nyumba isihitaji kiyoyozi kabisa, hapati kitu, na juu ya hayo nyumba yake ya urithi ina masharti ya uhifadhi ya kufuata. Idhini za ramani za ujenzi ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ingeweza leo, bila kusubiri Nairobi, kupunguza ada ya ramani inayoonyesha kivuli, paa jeupe, upenyo wa upepo na mahali pa hita. Hilo halihitaji dola milioni 150.

Tulichoamua

Hita ya zamani tuliifungua. Maji ya visima vya michanga ya Shela yana chumvi na chokaa, na yakipata moto ile chokaa hugeuka ukoko. Mirija ya kioo iliyokuwa ikipitisha maji hayohayo ya kuogea ilikuwa imejaa ukoko hadi katikati. Ile fimbo ya magnesi inayowekwa tangini ili iliwe na kutu badala ya tangi ilikuwa imekwisha, umebaki waya tu, na hakuna aliyemwambia kwamba hubadilishwa. Tukakubaliana atafute hita bapa yenye mzunguko wa pembeni, ambamo maji ya kioo ni mengine na ya bafu ni mengine, na alitazame paa kwa makini: hita ikae nyuma ya ukingo isionekane kutoka mtaani. Kwa paneli, kama ataongeza, adai fundi mwenye leseni ya EPRA na aisome: T1 ni ya vimtambo vidogo, T3 ndiyo inayomruhusu kuunganisha na gridi.

Aliomba ankara mbili na kuzisoma kwenye mwanga wa dirisha, miwani puani. Ya duka moja ilikuwa na VAT kwenye kila mstari, hata wa paneli. Alipopiga simu kuuliza, ikaja ankara nyingine, mstari ule wa paneli hauna VAT. Pesa zenyewe zimetoka kwenye chama cha wanawake wa mtaa, kwa zamu yake, akabadilishana na mwenzake wa mwezi wa kumi.

Mzigo unavuka kutoka Mokowe Alhamisi maji yakijaa. Paa amekwisha kulipaka chokaa tangu wiki iliyopita, yeye na mjukuu wake, ndoo nne.